Uvimbe Ulioota Mfupa

Jumapili ile, ibada ilipokwisha na watu walipokwisha kushiba magimbi na mboga ya majani yake iliyopikwa kwa tui zito, Akenese alimlaza mjukuu wake Kuso chali juu ya mkeka, akampandisha fulana, akaweka kiganja tumboni. Kuweka tu. Aliwaahidi madaktari kwamba hatakanda tena, na ahadi yake alikuwa akiitunza. Lakini kiganja cha mwanamke aliyekanda matumbo ya watoto miaka arobaini kule Savai'i, kisiwani Samoa, hakinyamazi kwa sababu tu kimekatazwa.

Akatulia. Akakisogeza kidogo, chini ya mbavu za kulia. Akatulia tena.

"Fetuao," alimwita mkwewe bila kuinua macho. "Hebu njoo hapa."

Fetuao, mama yake Kuso, alikuwa jikoni akisugua masufuria. Alikuja mikono ikichuruzika maji.

"Pamekuwa jiwe," Akenese alisema.

"Wapi, mama?"

"Hapa. Zamani palikuwa kama papai bichi, ukiligusa linakujibu. Leo ni kifuu cha nazi. Lete mkono."

"Daktari alisema tusibonyeze."

"Nani kakwambia ubonyeze? Weka, kama unavyoweka mkono juu ya mkate ujue umepoa au bado."

Fetuao alijifuta mikono kwenye nguo yake, akaweka. Kuso alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane, kichwa chake cheupe pee bila unywele hata mmoja, na alicheka kwa kutekenywa. Chini ya ngozi yake laini mama alikutana na kitu kigumu, kidogo kuliko zamani, chenye kingo. Aliuondoa mkono haraka kama aliyegusa kaa la moto.

Hadithi ya tumbo hilo ilianza kijijini, miezi minne nyuma. Kuso alikuwa na tumbo kubwa na kila mtu alilisifu. Majirani walimpiga vikofi vya mapenzi kwenye tumbo wakisema huyu analishwa, huyu atakuwa mcheza raga. Mama naye akawa anaona fahari. Kumbe mikono na miguu ya mtoto ilikuwa inakonda huku tumbo linakua, na hakuna aliyetazama mikono na miguu.

Fetuao alipouhisi uvimbe kwa mara ya kwanza akimwogesha, alimpelekea bibi yake mtoto, kama ambavyo kila mwanamke wa kijiji kile angefanya. Akenese alisema ni to'ala. Kila mtu anayo, alisema, ndicho kile kinachopigapiga karibu na kitovu, na kikikasirika kinahama mahali pake. Dawa yake ni mafuta ya nazi na mikono, kukisukuma polepole mpaka kirudi nyumbani. Akakanda asubuhi na jioni, wiki sita. To'ala haikurudi nyumbani. Mtoto akaanza homa, akakataa hata uji wa kakao, mwisho wakavuka na kivuko kwenda hospitali ya Apia, mji mkuu, na kutoka Apia wakapandishwa ndege mpaka Auckland, New Zealand, kwa kaka mkubwa wa mumewe Fetuao.

Daktari wa watoto kule, mwanamke mrefu aitwaye Hollis, ndiye aliyesema ni saratani ya ini, ile inayowapata watoto wadogo, tena nadra sana, kwamba ukikusanya watoto laki kadhaa utampata mmoja. Akauliza, "Kuna mtu amekuwa akilikanda tumbo hili?" Nesi Ioana, Msamoa mwenzao, akatafsiri. Wote wakaitazama mikono ya Akenese. "Mna bahati," daktari akasema. "Uvimbe huu ukipasuka, damu inamwagika tumboni na ugonjwa unasambaa nayo." Akenese alisimama, akaenda kwenye sinki la wodi, akanawa mikono kwa muda mrefu.

Hilo, mama mwenzangu, ni la kwanza la kushika: uvimbe wa tumbo la mtoto usioujua haukandwi. Haukandwi na bibi mpole wala na mama mwenyewe. Unapelekwa.

Basi wakaanza dawa ya dripu, kila baada ya wiki mbili, mara nne. Dawa yenyewe ni maji meupe kama maji ya kunywa, na Fetuao hakuacha kuyashangaa. Maji meupe yatajuaje pa kwenda? Alimuuliza Ioana, Ioana akacheka.

"Hayajui, dada. Yanakwenda kila mahali. Ndiyo maana nywele zinatoka, ndiyo maana anatapika, ndiyo maana tunampima masikio kila mara, tusije tukamponya ini tukamwachia uziwi."

"Sasa ini linajuaje kwamba ni dawa yake?"

"Wewe kwenu walikuwa wanakuita nani?"

"Fetuao Maswali," alijibu kwa aibu. Alisoma mpaka darasa la nane tu, na mwalimu alishukuru alipoondoka.

Ioana akamfafanulia kwamba dawa huzipiga zaidi seli zenye pupa ya kuzaliana, na uvimbe huo umejaa seli za namna hiyo. Halafu akamfundisha namba. Uvimbe huo, alisema, hutema kitu fulani kwenye damu, na kitu hicho kinahesabika. Siku ya kwanza namba ilikuwa laki sita na arobaini elfu. Baada ya dripu ya kwanza, elfu themanini na nane. Baada ya pili, elfu tisa. Baada ya nne, mia saba na arobaini. Fetuao alizipenda namba hizo kuliko sala, Mungu amsamehe. Alizitamka akimbembeleza mtoto. Tumbo nalo likarudi nyuma, kaptura ikaanza kumvuka Kuso akikimbia sebuleni, na nyumba nzima ikawa inamcheka na kumfukuza na kaptura yake.

Palibaki mambo mawili: Jumatatu apigwe picha kubwa ya mashine, Alhamisi apasuliwe, kipande cha ini chenye uvimbe kitolewe. Na sasa ilikuwa Jumapili, na palikuwa na jiwe.

Jioni baada ya sala waliketi duara sebuleni. Lafaele, kaka mkubwa, mwenye nyumba, ndiye aliyeanza.

"Mimi naona mambo yamekwisha. Tumbo limerudi, namba imeshuka. Kilichobaki ni kovu. Nani anapasua kovu?"

"Hayajakwisha," Akenese alisema. "Yamegeuka. Nimekanda uvimbe wa kila aina. Unaopona unalainika. Huu umekauka ukawa jiwe. Dawa yao imeupika kama mkate uliosahauliwa. Sasa wakiuona umewashinda wanataka kumchana mtoto."

"Mama, madaktari wamesoma," Penieli, mumewe Fetuao, alijaribu.

"Wamesoma. Wameweka mkono?"

Penieli ni mtoto wa mwisho, na mtoto wa mwisho kwa mama yule hajibu mara mbili. Wakamtazama Fetuao, lakini ni kumtazama kwa kupita tu. Mkwe haombwi rai kwenye kikao kama kile, huomba mwenyewe akithubutu. Hakuthubutu. Alikuwa na maswali kumi kooni, akayameza yote. Wakakubaliana wasiende Jumatatu. Wasubiri kidogo, waombe, watafute tiketi za kurudi nyumbani.

Hospitali ilipiga simu. Penieli akasema mtoto ana mafua. Walipopiga tena, mafua bado. Mara ya tatu simu iliachwa ilie mpaka ikachoka.

Siku zikaenda. Kuso alikuwa anacheza, nywele zikaanza kuota kama vumbi jeusi kichwani, anakula, na hilo ndilo lililowadanganya wote. Mtoto asiyetapika huonekana amepona. Fetuao peke yake alikuwa halali vizuri, na si kwa hofu pekee. Ni lile swali. Kitu laini kimepewa maji, kikawa jiwe. Jiwe limetoka wapi? Hakumlisha mtoto jiwe.

Alikuwa anakunja nguo siku moja, mawazo yake yako nyumbani, kwenye ufuko mbele ya nyumba ya baba yake, maji yakiwa yamekupwa. Akakumbuka matumbawe. Kila mtoto wa pale anajua kwamba tumbawe ni kiumbe hai, laini, chenye rangi, na kwamba kinajijengea nyumba ya jiwe. Likifa, laini linakwenda, rangi inakwenda, linabaki jiwe jeupe. Fetuao aliacha nguo mapajani. Kwa hiyo jiwe laweza kuwa maiti. Lakini mbona tumbawe lililo hai pia lina jiwe ndani? Ukilikanyaga, liwe hai liwe limekufa, linakuchana mguu vilevile. Mkono hauwezi kujua. Mkono wa mama mkwe haukujua, na wake haukujua, na Lafaele hata hakugusa.

"Sasa nani anajua?" aliuliza kwa sauti, na hapakuwa na mtu chumbani ila Kuso aliyekuwa anajaribu kuvaa soksi kichwani.

Alimpigia Ioana.

"Mafua yamepona?" Ioana aliuliza, na sauti yake haikuwa na mzaha.

"Hapakuwa na mafua."

"Najua hapakuwa na mafua. Mimi nimezaliwa Falealupo, hukohuko Savai'i, unadhani sijui mafua ya namna hiyo? Ni siku kumi na tisa, Fetuao. Njoo na mtoto leo."

"Mama mkwe yuko kwenye kikundi cha kusuka mikeka."

"Basi njoo kabla mkeka haujaisha."

Alikwenda kwa basi, Kuso mgongoni, akiangalia nyuma kama mwizi, na alikuwa anakwenda hospitali tu.

Walimtoa Kuso damu, wakamlaza kwa dawa ya usingizi, wakampitisha kwenye mashine ya picha. Mchana Daktari Hollis akamkalisha Fetuao mbele ya kioo cha kompyuta, Ioana akasimama kati yao. Kwenye kioo palikuwa na mtoto aliyekatwa vipande kama mkate, lakini kwa picha. Uti wa mgongo mweupe. Mbavu nyeupe. Ini la kijivu. Na ndani ya ini, mahali palepale pa kiganja cha Akenese, vipande vyeupe, vyeupe kama mbavu.

"Hicho ni nini?" Fetuao aliuliza.

"Mfupa," daktari alisema.

Fetuao alimgeukia Ioana. "Umetafsiri vizuri?"

"Mfupa, dada. Amesema mfupa."

"Kwenye ini?"

"Kwa watoto waliopewa dawa hii tunaona mara nyingi," Daktari Hollis alisema. "Dawa inaua seli nyingi. Nyingine haifi ila inakomaa, inaacha utoto wake na kuanza kufanana na ini la kawaida. Na mahali pengine, katikati ya vilivyokufa, panaota kitu kama mfupa. Ukiniuliza kwa nini mfupa, si gegedu, si chumvi tu, sina jibu kamili. Wapo wanaochunguza."

Fetuao alisogeza kiti karibu na kioo. Aliposikia kwamba hata daktari hana jibu kamili, badala ya kuogopa alipata nguvu. Hakuwa tena peke yake kwenye swali.

"Kwa hiyo ugumu si ubaya?"

"Ugumu wenyewe hapana. Ugumu ni alama kwamba dawa ilifika."

"Basi Lafaele kasema kweli. Umekwisha."

Daktari aliandika kitu kwenye karatasi akaigeuza upande wa Fetuao. Ilikuwa namba. Fetuao hakuhitaji mkalimani. Elfu mbili na mia tisa.

"Ilikuwa mia saba na arobaini," alisema.

"Ilikuwa. Maana yake ndani ya huo mfupa na huo uozo kuna seli zilizobaki hai. Dawa iliua zile dhaifu. Zilizobaki ni zile kaidi, na mmezipa wiki tatu za kupumua. Mkizipa miezi mitatu, zitakwenda kwenye mapafu, na hapo sitakuwa na la kuwaambia."

Hakusema kwa ukali, na Ioana aliyatafsiri hayo ya mwisho neno kwa neno.

Fetuao alirudi nyumbani kabla ya giza. Akenese alikuwa amekaa kizingitini, miguu imekunjwa, amerudi kutoka kwenye mikeka na kukuta nyumba haina mtoto.

"Umempeleka," alisema.

"Nimempeleka, mama."

"Bila kuniambia."

"Ningekuambia ungenikataza, na ningekutii."

Penieli alitoka ndani, akaona nyuso zao, akarudi alikotoka. Fetuao alikaa chini kabisa, chini ya kizingiti, kama inavyompasa, akampakata Kuso aliyekuwa bado mlegevu kwa ile dawa ya usingizi.

"Mikono yako haikukosea," alisema. "Ni kigumu kweli. Nimekiona kwa macho yangu. Ni mfupa."

"Mfupa." Akenese alicheka kwa pua. "Ini limeota mfupa. Kesho watakwambia moyo umeota meno."

"Mimi pia niliuliza mara mbili. Mweupe kama ubavu wake. Dawa ndiyo imeufanya hivyo. Panapokufa panaota mfupa."

"Basi kama umekufa, waniachie mjukuu wangu."

"Haujafa wote." Akamwambia namba. Ile ya zamani na hii mpya. Hakupamba. "Wiki tatu hizi tulizokaa, umekuwa unakula. Mimi nilikuwa na swali Jumapili ile na nikalimeza. Nimelimeza mtoto akiwa ndiye anayelipia. Sitameza tena, mama. Ukitaka kunifukuza, nifukuze kesho, lakini Alhamisi ijayo anapasuliwa."

Mkwe kusema maneno yale kizingitini, majirani wa pande zote mbili wakiwa wameanika nguo! Akenese akanyoosha mkono, si tumboni, bali kwenye paji la uso la mtoto, akamfuta jasho.

"Wakate," alisema. "Lakini watakachotoa wanirudishie. Sehemu ya mwili wa mjukuu wangu haitupwi kwenye pipa lao. Nitakiona, halafu nitakizika mwenyewe."

Fetuao alidhani hapo ndipo hospitali itakapogoma. Wala. Ioana alifungua faili akatoa fomu yenye mstari wa jambo hilohilo, kwa sababu watu wa visiwani na wenyeji Wamaori wamekuwa wakiomba hivyo miaka mingi. "Ila kuna sharti," alisema. "Kwanza kinapita maabara. Wanakikata, wanakitazama, wanajua kilichobaki hai ni kiasi gani. Vipande vidogo vinabaki kwao. Kingine ni chenu."

Upasuaji ulichukua saa saba. Penieli alizunguka uwanja wa magari mpaka mlinzi akamuuliza kama amepotea. Lafaele alikuja na sufuria zima la kuku na mashelisheli, akakuta hakuna anayekula, akala mwenyewe kwa wasiwasi. Daktari mpasuaji alipotoka na kusema mtoto anapumua vizuri, wametoa theluthi moja ya ini na ini lililobaki litakua tena, Fetuao alitaka kuuliza linakuaje, linajuaje pa kuishia, lakini kabla hajauliza alikuwa amekwisha kukaa sakafuni.

Siku ya kumi na moja waliitwa maabara. Fundi mkuu wa pale aliitwa Teague, daktari mzee mwenye aproni kama muuza samaki, ambaye kazi yake si kutibu watu bali kutazama vilivyotolewa ndani yao. Alishangaa kidogo kuwaona wanawake wawili na nesi mmoja wamesimama mlangoni na kasha la mbao lililotandikwa kitambaa cha magome ya mti.

"Wengi huchukua bila kufungua," alisema.

"Sisi tunataka kuona," Fetuao alisema kabla Ioana hajamaliza kutafsiri.

Harufu ya ile dawa ya kuhifadhia ilichoma macho. Teague aliweka trei mezani. Ulikuwa uvimbe umekatwa slesi, zimepangwa kwa mstari. Fetuao alitegemea kitu cha kutisha, cheusi, chenye mizizi. Alichokiona kilikuwa kama ramani. Hapa njano ya majani yaliyokauka, hapa kahawia ya damu iliyozeeka, hapa kijivu, na katikati ya yote visiwa vyeupe vinavyokwaruza mwanga.

"Kisu changu kiliimba," Teague alisema, "hivi, kriiiii. Ikabidi niulize kama wamenileta goti. Vile vipande vyenye mfupa tumeviloweka kwenye tindikali siku tatu vilainike, ndipo tukaweza kuvikata vyembamba vya kuweka chini ya hadubini."

Alimkaribisha Fetuao atazame. Alifumba jicho lisilofaa kwanza, wakacheka, akafumba lingine. Kukatokea mashamba ya rangi ya waridi. Teague alimwelekeza kwa kidole kwenye picha ya pembeni: huu wa waridi ni mfupa mchanga. Hivi visivyo na kitu ndani, kama vivuli vya nyumba zilizohamwa, ni seli zilizokufa. Hizi kubwa zilizotulia ni zile zilizokomaa, zimeacha utoto, hazina haraka tena.

"Na zile kaidi ziko wapi?"

Teague alifungua kinywa kumjibu, lakini Akenese alikuwa tayari ameomba glovu. Hakuna aliyethubutu kumnyima. Alizivaa polepole, akasimama mbele ya trei, akafumba macho, akaanza kupitisha kidole gumba juu ya slesi, moja baada ya moja, kwa uzito ule aliokatazwa miezi yote ile.

"Jiwe," alisema. "Jiwe. Mchanga. Jiwe. Hapa kama kamba iliyokauka." Akafika slesi ya nne, ukingoni. Kidole kikasimama. Kikarudi. Kikabonyeza kidogo, kama anayejaribu parachichi. "Hapa laini. Hapa panajibu." Akafumbua macho. "Hapa pako hai."

Ioana alitafsiri. Teague aliichukua slesi ile kwa koleo, akaigeuza. Upande wa pili, mahali palepale, palikuwa pamepakwa doa la wino wa buluu.

"Nilipaweka alama jana," alisema. "Ukubwa wa kucha mbili. Ndipo pekee kwenye uvimbe wote palipobaki hai. Kingo za nje ni safi, daktari mpasuaji alikata vizuri. Lakini kilichokuwa kinapandisha namba ni hicho."

Akenese aliendelea kupatazama pale pa buluu.

"Tuliogopa jiwe," alisema kwa Kisamoa, si kwa daktari wala kwa nesi, kwa mkwewe. "Jiwe lilikuwa maiti. Kilichokuwa kinamwua mtoto ni hiki laini, na mkono wangu ungelala juu ya tumbo mwaka mzima nisingekifikia, kimejificha nyuma ya mfupa. Na hata kama ningekifikia, ningesema kimelainika, kinapona." Akavua glovu moja. "Ningefurahi, Fetuao. Uvimbe ungekua huku ukilainika, nami ningefurahi."

Fetuao alimshika kiwiko.

"Muulize," Akenese alimwamuru Ioana, akivua glovu ya pili. "Kama kidogo hiki kilibaki ndani ya jiwe, hakuna kingine kilichotoroka kabla, kikajificha kwenye damu?"

"Huwezi kukiona hata kwa hadubini," Teague alijibu. "Ndiyo maana mmepangiwa dripu mbili zaidi."

Dripu hizo mbili nyumba nzima ilikuwa imezijadili usiku uliopita. Lafaele alisema mtoto ameteseka vya kutosha, kilichokuwa ndani kimetoka, mtu hamwagi maji kwenye moto uliokwisha kuzimwa. Penieli alikuwa karibu kukubali. Akenese hakutoa rai, na wote walijua kwamba rai yake ndiyo itakayoamua.

"Ya kwanza ni lini?" aliuliza sasa.

"Jumatatu," Ioana alisema. "Saa mbili asubuhi. Na nikisikia habari ya mafua..."

"Mafua gani? Nani ana mafua?" Akenese alilifunga lile kasha, akalipakata kama mtoto mchanga. "Lafaele akitaka kuwa na mafua awe nayo yeye. Na wewe," alimgeukia Fetuao, "siku nyingine ukiwa na swali ukanyamaza mbele yangu, nitakuchapa ubapa wa mwiko, ujue."

"Ninalo moja sasa hivi, mama."

"Lisemee hapohapo."

Fetuao alimgeukia Teague, aliyekuwa anaosha trei. "Ini lililobaki linakua tena. Wamesema. Sasa linajuaje lisipitilize likawa uvimbe mwingine?"

Teague alifunga bomba, akavuta kiti, akamsogezea Fetuao akae.